Mavi ya Shaba na Chumvi ya Mutinda

Ipo Ijumaa moja ambayo mpaka leo imekataa kunitoka kichwani. Ni Ijumaa niliyowaonyesha wavulana wanne wa darasa letu moto wa kijani, wakanipigia makofi mpaka viganja vikawasha. Kwa makofi hayo, mwanangu, nilimpoteza mtu.

Lakini kabla sijafika huko, niwie radhi kwa kukuita mwanangu. Najua mimi ni wa kidato cha nne tu, na wewe umeingia kidato cha kwanza muhula huu, bado unakunja soksi zako kama mama alivyokuonyesha. Najua pia kwamba kidevu changu kina nywele tatu, na moja kati ya hizo nashuku ni uzi wa sweta. Lakini neno hili nimelirithi. Aliyekuwa akiniita hivyo hayuko tena hapa Nairobi, na neno zuri likikaa bila kutumiwa hushika kutu kama sufuria iliyosahauliwa. Basi vumilia. Weka chini hilo andazi la watu, unisikilize.

Baba yangu ni mpishi katika nyumba moja ya Kileleshwa, na sisi tunakaa kwenye vyumba vya nyuma, pale ambapo harufu ya nyama hufika mapema na nyama yenyewe huchelewa. Nilipokuwa kidato cha kwanza kama wewe, likizo ilimkuta baba amechoka na mdomo wangu. Alisema kijana asiyekuwa na kazi ni redio isiyozimika. Akanipeleka Ngara, kwa mtu aliyekuwa akizitia bati sufuria za shaba za jikoni kwake.

Mtu huyo aliitwa Mzee Athmani. Kwao Lamu. Alivaa kofia ya viua nyeupe, safi kama ya arusini, na shati la mikono mirefu lililojaa vitundu vya cheche kana kwamba limeliwa na nondo wenye hasira. Karakana yake ilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya vitambaa. Jioni, katika chumba cha mbele, alisomesha watoto Kurani. Mchana, uani, aliyeyusha shaba. Sauti ilikuwa ileile kwa kazi zote mbili, ya polepole, kana kwamba shaba nayo ina herufi za kutamka.

Uani alikuwapo pia Mutinda, mtu wa Machakos, mvuta mvukuto wa kupulizia moto. Mikono yake ilikuwa mirefu, maneno yake mafupi. Kila siku saa saba alikula mahindi na maharagwe kutoka kwenye kopo kubwa, na pembeni alikuwa na kikopo kidogo cha kakao chenye mfuniko, alimotia chumvi. Alikuwa akiinyunyiza kwa vidole vitatu, taratibu, kama padri. Nilimwigiza mara nyingi, hata alipokuwa akiniangalia.

Siku yangu ya kwanza niliona Mzee akiengua kwa upawa kitu cheusi kilichoelea juu ya shaba iliyoyeyuka, akakimwaga kwenye kikapu cha chuma.

"Hiyo yaitwaje, Mzee?"

"Mavi ya shaba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wateka?" akauliza, maana kwao cheka ni teka. "Teka umalize. Kisha nambie, chakula ulacho wewe, chote hukaa mwilini?"

"Huyu hata chakula yake inatoka kama maneno," akasema Mutinda bila kuacha kuvuta.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na sijui kama nimewahi kucheka vizuri tangu siku zile.

Sasa nikueleze mambo ya hayo mavi, maana ndipo kisa kilipo. Shaba ya vyombo vikuukuu haiji peke yake. Huja na misumari, vipande vya waya, masizi, udongo. Ukiiyeyusha, uchafu huo huelea juu. Mzee alitia vigae vya chupa na mchanga kidogo ili uchafu ulegee, akafunika chungu kwa kigae kizito, na makaa yakikaa juu ya shaba kama blanketi. Kisha akangoja. Kungoja ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mimi niliyezoea kengele ya shule kila dakika arobaini niliona kama ananionea.

"Mavi yakiwa mazito kama ugali, usiguse," alinifundisha. "Ngoja yawe kama asali. Shaba ni nzito, itashuka yenyewe, tone kwa tone, kama watu watokao msikitini. Ukifunga mlango mapema, wenzako watabaki ndani. Na upepo usiiguse shaba uso kwa uso. Shaba ikinywa upepo, nayo hunywewa na mavi."

Jambo jingine, na hili shika sana. Katika karakana ile palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mtu akileta shaba yake, ilipimwa mbele yake. Ikishayeyushwa, ilipimwa tena mbele yake. Kisha alipewa na mavi yake, yamefungwa kwenye gunia. Ndiyo, mwanangu, mtu alibebeshwa mavi yake kwa heshima zote. Mwanzoni nilidhani ni dhihaka. Mzee akasema, "Asiyeona kilichopotea humdhania mtu." Shaba iliyopungua lazima iwe pahali, na pahali pake ni ndani ya mavi. Ukimrudishia mtu vyote viwili, umemrudishia na amani yake. Kazi ya kuyatunza mavi hayo ilikuwa ya Mutinda.

Ijumaa ile asubuhi alikuja Bi Mwanaisha, mama aliyeuza leso mtaa wa pili. Alileta sinia lililopasuka na sufuria mbili zilizotoboka, zote shaba nyekundu, zote za marehemu mama yake. Alitaka zifanywe dele moja la kahawa, la kumiminia kahawa siku ya arusi ya binti yake, ambaye ndiye mjukuu aliyelelewa na huyo marehemu.

"Msiichanganye na shaba ya mtu," akasema. Alikuwa amelishika lile sinia kifuani kama mtoto. "Hata kama itapungua. Nataka ya mamangu tu."

"Ya mamako tu," akajibu Mzee. Mizani ikainuliwa, akaona kwa macho yake, akaenda zake.

Mpaka adhuhuri chungu kilikuwa kimeiva. Mzee akaenda kuswali Ijumaa. Makaa yalikuwa yamebaki machache, Mutinda akachukua gunia tupu akaenda Kariokor kuongeza. Wote wawili, mmoja mlango wa mbele na mmoja mlango wa nyuma, waliniachia neno moja: usifunue.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi hata najihisi kuchechemea. Lakini wahenga hawakusema la kufanya pale Otieno atakapochungulia kwenye ua na wenzake watatu nyuma yake.

Otieno alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, kijana wa suruali ya bugaluu iliyofagia barabara. Wiki nzima nilikuwa nimewaambia kwamba mimi ninaweza kufanya moto wa kijani, maana nilishaona chembe za chumvi ya Mutinda zikidondokea shaba.

"Haya, fundi wa midomo," akasema. "Uko wapi huo moto?"

"Leo haiwezekani. Mzee hayupo."

"Si nyinyi mnaona? Uongo mtupu. Huyu kazi yake hapa ni kuosha masufuria."

Wakacheka. Mimi ni mtu wa kuchekesha, mwanangu. Kuchekwa ni kitu kingine kabisa. Nilikishika kifuniko kwa koleo nikakiondoa. Nikayasukuma makaa pembeni. Nikafungua kikopo cha Mutinda, nikachota chumvi kiganja tele, nikaitupa juu ya ile shaba, nikauvuta mvukuto kwa nguvu zangu zote, upepo ukapiga usoni mwa shaba.

Moto ulitoka kijani, mwanangu. Kijani kama panzi wa masika, na pembeni una rangi ya samawati, ukaruka juu kuliko kofia ya Otieno. Walirudi nyuma hatua moja, kisha wakapiga makofi.

"Rudia!"

Nikarudia. Nikarudia tena mpaka kikopo kikaisha. Sijawahi kupendwa vile na watu wanne kwa wakati mmoja.

Walipoondoka nilitazama chunguni. Mavi yaliyokuwa yakikaribia kuwa asali yalikuwa yameganda utando mweusi mzito, kama ugali wa jana. Niliposikia watu barabarani wakitoka msikitini, sikungoja tena. Nikakamata upawa nikayaengua yote kikapuni, mazito vilevile, yakaja mengi kuliko kawaida. Nikatia vigae vya chupa vipya, nikarudisha makaa na kifuniko. Mzee aliingia akanikuta nimekaa kwenye kigoda changu, mtulivu kama sanamu ya kanisani.

Mutinda alirudi na gunia limejaa. Alikaa kula. Akakitikisa kikopo, hakikulia.

"Chumvi yangu imeenda wapi?"

"Itakuwa imeyeyuka, Mutinda. Joto ya hapa si mchezo."

Hakucheka. Alivuta pumzi kwa pua, akanusa ule moshi uliobaki uani, akanitazama, kisha akala mahindi yake bila chumvi mpaka yakaisha.

Mzee alimimina shaba kwenye kalibu, akidhani Mutinda ameshaengua mavi, macho yake ambayo tayari yalianza ukungu yakifuata mwanga wake tu. Mkate wa shaba ukafunikwa majivu upoe, maana haupimwi ila mbele ya mwenyewe. Na mavi? Hapo ndipo shetani aliponipa lifti. Kila Ijumaa baba yangu mdogo alileta viazi na sukumawiki soko la Ngara kwa pikapu kutoka kwetu Mutuini, akarudi tupu. Nyanya yangu, Cucu, alikuwa ameomba mawe ya kutandaza kwenye njia yake ya matope, na Mzee alikubali achukue lundo la mavi ya kale yasiyo na mwenyewe. Nilipokuwa nikimsaidia baba mdogo kupakia, niliyamwaga na yale mapya katikati. Pikapu ikaondoka. Nikajipangusa mikono, nikaona nimemaliza.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanaisha alikuja na kanga yake nzuri. Mkate ukawekwa kwenye mizani. Upande wa mawe ukashuka chini, upande wa shaba ukabaki juu ukining'inia kama mtoto asiyefika chini kwenye kiti.

Mzee akaupima tena. Akaupapasa kwa kidole. "Utafidiwa na mavi," akasema. "Mutinda, lete mavi ya Bi Mwanaisha."

Kikapu kilikuwa kitupu.

"Shaba ya mamangu imeliwa," Bi Mwanaisha akasema kwa sauti ndogo. "Sisemi na nani."

Hakusema. Lakini macho hayana adabu, yakaenda yenyewe. Mzee alikuwa msikitini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kaptura. Mutinda ndiye mtunza mavi, na ndiye aliyetoka na gunia mlango wa nyuma.

"Mutinda," akasema Mzee, "mavi uliyaweka wapi?"

"Jana mimi sikutoa mavi, Mzee."

"Nani basi?"

Mutinda alijifuta mikono kwenye aproni. Alinigeukia mimi akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu aliyekushikilia mlango, anangoja upite. Nafasi ilikuwa pale, mwanangu, pana kama barabara, na ilidumu muda wa mtu kumeza mate mara mbili.

Nami nikasema, "Labda ni panya wa Ngara. Siku hizi wanakula mpaka shaba."

Bi Mwanaisha nusura acheke. Mzee hakucheka. Mutinda aliifungua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye msumari wake, akavaa koti.

"Wenda wapi?" Mzee akauliza. "Hakuna aliyekwambia wende."

"Hapana mtu ameniambia niende, Mzee," akasema Mutinda. "Lakini hapana mtu ameniambia nikae."

Mzee alifungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta neno, na mtu wa neno la polepole hulipata mgeni akishafika barabarani. Mlango wa nyuma ukagonga. Nilipokwenda kukaa kwenye kigoda changu nilikuta juu yake kile kikopo cha chumvi. Kilikuwa kimefutwa masizi nje, kimefungwa mfuniko, ndani hamna kitu. Ndipo nilipojua kwamba tangu jana alijua yote, na kwamba alikuwa amenyamaza ili niseme mwenyewe.

Jumapili tulikwenda Mutuini. Usiku ulinyesha. Baada ya kanisa Cucu alinipeleka kuonyesha njia yake mpya, kutoka mlangoni hadi zizi la ng'ombe, yote imetandazwa mawe meusi ya Ngara. Aliinama, mgongo wake ukalia, akaokota jiwe moja.

"Mbona hili linanitazama?" akauliza.

Mvua ilikuwa imeliosha. Katikati ya weusi palikuwa na tone la shaba, duara, linang'aa kama jicho. Nikatazama chini. Yalikuwa mengi. Njia nzima ya nyanya yangu ilikuwa na macho, na yote yalinitazama mimi. Nilipiga magoti kwenye matope na suruali ya kanisa, nikaanza kuyachambua.

Cucu hakuniuliza. Alileta gunia, akasema tu, "Ukimaliza, utanitafutia mawe mengine yasiyo na macho."

Jumatatu asubuhi nililibeba gunia lile begani, nikateremka kwenye basi, nikaingia uani. Mzee alikuwa ameshika mvukuto mwenyewe, kofia imepinda. Nikalitua gunia miguuni pake.

"Mzee," nikasema, "panya ni mimi."

Nilimweleza yote, moto, chumvi, makofi, pikapu. Nilitegemea kofi. Hakupandisha hata sauti. Alichukua jiwe moja akalipasua kwa nyundo, akaniita karibu.

"Tazama. Waona hapa palipo peusi, paling'aapo kama chupa? Hayo ndiyo mavi mema, hayana kitu. Waona hapa, pekundu kama ini? Hiyo ni shaba iliyokunywa upepo, ikanywewa na mavi. Haitoki kwa nyundo hiyo." Akatoa sumaku aliyoichopoa zamani kwenye spika ya redio, akaisogeza kwenye vumbi jeusi zito. Vumbi likairukia. "Na hiki ni chuma kilichoshiba upepo. Hiki ndicho kilichoyafanya mavi ugali, matone yasipate njia ya kushuka. Haya, yahesabu. Yote yalikuwa njiani kwenda kwao."

Jiwe moja, mwanangu, na ndani yake mna mawe manne, ukihesabu na lile tone la shaba. Baadaye nilimpelekea mwalimu wetu wa kemia kipande kimoja, akakitazama kwa lenzi, akaniandikia majina marefu ubaoni, na kila jina lilikuwa la kitu kile kile alichonionyesha Mzee kwa nyundo na sumaku ya redio.

Tulifanya kazi siku tatu. Tuliyaponda, tukayaosha kwenye sinia kama mchele, matone ya shaba yakabaki chini, unga wa mavi ukaenda na maji. Ile nyekundu kama ini tuliirudisha motoni ndani ya unga wa makaa, tukafunika, tukangoja. Safari hii nilingoja. Mzee aliniachia mvukuto wa Mutinda, na mikono yangu ilipata malengelenge mahali pale pale ambapo yeye alikuwa na sugu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakupata kufanya kazi Ngara, kwani shaba ilizoleka. Bi Mwanaisha alipokuja tena, mizani ilikaa sawa, isipokuwa kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mzee akanitanguliza mbele. Nikamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, bila mzaha hata mmoja, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuponda mawe. Aliushika ule mkate wa shaba kwa mikono miwili. Kisha hakuuliza habari ya shaba kabisa.

"Yule mtu yuwapi?" akasema. "Nilimtazama vibaya. Nataka kumuomba radhi."

Hakuna aliyejua. Chumba alichopanga alikuwa amekwisha kukihama. Mzee aliagiza salamu kwa kila mtu wa Ukambani aliyemjua, mimi nikasimama stendi ya mabasi ya Machakos Jumamosi tatu mfululizo, nikitazama mikono ya watu badala ya nyuso. Haikupatikana hata habari.

Siku ile Bi Mwanaisha alipokwisha kuondoka, ndipo Mzee aliponikemea, kama yale yanaweza kuitwa kukemea. Alikuwa akinawa mikono.

"Mwanangu, shaba iliyokwenda na mavi hurudi. Iponde, ioshe, irudishe motoni, itakuja. Haina kinyongo. Mutinda tutamponda wapi?" Akajifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Na mimi pia nina langu. Nilingoja shaba saa nzima, nikashindwa kumngoja mtu aseme."

Hajawahi kulirudia jambo lile tena.

Dele lilifuliwa, likang'aa, likamimina kahawa arusini. Niliinywa, chungu kama dawa. Mwaka uliofuata macho ya Mzee yalizidi ukungu, mwanawe akaja kumchukua arudi Lamu. Tulipoagana aliipapasa sura yangu kama alivyopapasa ule mkate wa shaba kutafuta kasoro, akasema, "Mwanangu, wewe bado u mavi, lakini una matone mengi." Nilicheka, nikalia, vyote kwa pua moja. Siku hizi pale uani pamejengwa fleti, na mahali pa tanuri panaanikwa nguo. Nikipita Ngara hupunguza mwendo. Husikiliza kama nitausikia ule mvukuto ukikohoa, au mtu akisema, "Huyu iko maneno mingi kuliko makaa." Husikia redio za watu tu.

Na kule Mutuini sikuyaokota mawe yote. Kila masika, mvua ikinyesha siku mbili tatu, kwenye njia ya Cucu hutokea madoa ya kijani, ileile rangi ya panzi niliyopigiwa makofi. Yale matone yaliyobaki ndiyo yanalia. Cucu huyapenda, husema njia yake imechanua. Mimi huyaruka.

Basi ndilo nililotaka kukuambia, mwanangu, wewe ambaye juzi nilikusikia ukiwachekesha wenzako kwa kisigino cha yule mpishi wetu wa shule. Sikukatazi kuchekesha. Mungu alipokupa mdomo hakukupa wa kufungia mlango. Ila angalia mzaha wako umeelea juu ya nini. Ukiona chini yake kuna mtu anayengoja useme kweli, engua mzaha huo haraka, umwache mtu aonekane. Na kweli iseme ikiwa bado moto. Ikiwa moto, ni tone tu lililonaswa, pigo moja la nyundo linalitoa. Ukiilaza siku moja, siku mbili, inanywewa na uwongo wako mpaka inakuwa nyekundu kama ini, na utahitaji moto mara ya pili kuirudisha. Mwenye kukuwekea siri yako pia mwogope kuliko anayekusengenya, maana huyo amekuachia mlango wazi kwa mkono wake, na mkono huchoka. Mimi nilichelewa Jumamosi moja tu. Shaba nilirudisha yote, kasoro ukucha. Mtu sikumrudisha.

Mola akujalie mwalimu anayengoja na rafiki asiyecheka kila unaposema. Akupe moto wa kukutakasa usiokuunguza, na ulimi wako uwahi kabla mlango wa nyuma haujagonga. Na siku ukipita Machakos, au popote, ukamkuta mtu wa mikono mirefu anayekula mahindi na maharagwe kimya kimya, muulize jina. Akisema Mutinda, usimwambie mengi. Mwambie kikopo chake kipo Kileleshwa, dirishani kwangu, na kimejaa.